Kwani "teja" ni tusi?

Kondakta Mstaafu: Juzi kwenye daladala ya Mbagala nimesema, "Mpisheni huyo teja ashuke." Dada mmoja kanigeukia kwa ukali: sema mraibu wa dawa za kulevya! Wakuu, teja ni tusi au ni jina tu? Mbona mlevi tunamwita mlevi na hanuni mtu?

Mpemba Halisi: Kwanza hao wenye "mraibu" wao watueleze. Kwetu uraibu ni tambuu na vikorombwezo vyake: popoo, chokaa, tumbaku. Bibi yangu akisema "niletee uraibu wangu" hajaagiza unga.

Zee la Kinondoni: Huyo bibi mnyime popoo siku mbili uone arosto. Teja tu, basi kavaa kanga 😂

Mpemba Halisi: Bibi yangu mtoe mdomoni! Mtu hajui hata chokaa inapakwa wapi, anatufundisha Kiswahili.

Mwalimu wa Zamu: Zee kakosa adabu, hoja hajakosa. Cha kutafuna kwa mazoea, ukikikosa hutulii. Neno limetoka kwenye mkeka wa bibi likaishia kliniki. Na teja nasikia ni "mteja" wa pusha, sijui kama ni kweli.

Zee la Kinondoni: Basi mimi teja wa chipsi mayai.

Kondakta Mstaafu: Nimeuliza la daladala, mmenipeleka kwenye tambuu.

Dada wa Mwananyamala: Mnacheka. Kaka yangu anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, hapa hospitali, kila asubuhi, mbele ya muuguzi. Huduma yenyewe ilianzia Muhimbili, 2011 kama sikosei. Unga hajagusa mwaka wa tatu huu. Mtaani bado teja. Simu ya mtu ikipotea, mlango wa kwanza kugongwa ni wetu. Kondakta, huyo uliyesema apishwe, ulimjua au ulimwona kakonda tu?

Kondakta Mstaafu: Alikuwa anasinzia amesimama, dada. Kila mtu aliona.

Dada wa Mwananyamala: Na mimi nikitoka zamu ya usiku nasinzia nimesimama.

Zee la Kinondoni: Pole dada. Ila shemeji yangu kauza friji sababu ya kubeti, na kwenye vikao anaitwa mheshimiwa. Huyo tumwiteje?

Mpemba Halisi: Zee, bibi hujamwomba radhi.