Land Rover 109: ilitoka kiwandani na petroli au dizeli?

MwanaNjombe:
Wakuu, salaam. Nina Land Rover 109 pikapu, Series IIA, aliyoniachia mjomba. Sasa hivi ina dizeli, namba kwenye bloku inaanza na 12J. Jirani ana injini ya petroli bandani kwake, anaapa ndiyo iliyotolewa humu, na bei anayotaka si ya kitoto. Natamani sana irudi kama ilivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Kadi inasema dizeli, ila ni kadi mpya. Nitajuaje?

FundiMstaafu:
Mkuu, hongera kwa kuitunza. Hiyo 12J iweke pembeni. Ni dizeli ya lita 2.5 iliyoanza 1984, na Series IIA zilikoma 1971. Kagua mbele ya injini: hiyo ina beliti ya taimingi, wakati za zamani zilikuwa na cheni.

Ya kuulizwa ni chasisi. Lala chini mbele, upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Sugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, taratibu. Grainda usiiguse kabisa! Tarakimu zimegongwa kwa kina kidogo, na kutu imeshakula sehemu yake, ukizifuta hazirudi. Ukianza kuona alama, paka chaki kisha pangusa, zitabaki nyeupe. Soma tatu za mwanzo. Kwa 109 ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Uingereza, 252 ni petroli, 277 ni dizeli.

Chuma_Kongwe:
Naongezea: angalia na dashibodi. Dizeli ilikuwa na taa ya hita plagi (plagi za kupasha injini moto kabla ya kuwasha). Ila dashibodi hubadilishwa, chasisi ndiyo ya kuaminika.

MwanaNjombe:
Nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi. Ni 252, mwisho kuna herufi D! Kwa hiyo nimlipe jirani?

FundiMstaafu:
Safi sana! Basi ilizaliwa na petroli, silinda nne, ujazo wa cc 2,286. Hiyo D ni alama ya toleo tu, si dizeli. Lakini hela usitoe bado. Namba ya injini ya jirani iko ubavu wa kushoto wa bloku, mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Ikianza na 11H, achana nayo, hiyo ni ya miaka ya 80. Halafu usitegemee ifanane na namba ya chasisi. Kiwanda kilizihesabu mbalimbali, na wengi wamekataa injini halali kwa sababu hiyo.

Waandikie British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Wanatunza madaftari ya kiwanda, na kwa malipo wanatoa cheti chenye namba ya injini iliyofungwa mwanzo. Namba ya cheti na ya injini ya jirani zikilingana, lipa hiyo bei bila kinyongo. Zisipolingana, bado inaweza kukufaa kama bloku haina ufa, ila lipa bei ya injini chakavu tu.

MwanaNjombe:
Asante sana mzee wangu. Leo hii nawaandikia Gaydon.