Maji matupu au maji ya chumvi baada ya kazi ya juani?

Mwashi wa Kondele
Ndugu zangu, ninajenga hapa Kisumu na jua letu la saa nane mnalijua. Baadhi ya wenzangu hunywa maji matupu, na wengine hutia chumvi kwenye mtungi wakisema inazuia kizunguzungu. Mama yangu ana presha, kwa hiyo naiogopa chumvi. Kipi bora?

Mwalimu wa Bayolojia, Nakuru
Ndugu Mwashi, ubongo una vipimo viwili. Cha kwanza hupima ukolezi wa damu, yaani chumvi iliyomo ikilinganishwa na maji. Katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo, mna seli zinazonywea damu inapokolea, na ukolezi ukipanda kwa asilimia 1 hadi 2 tu, tezi ya pituitari humwaga vasopresini, homoni inayozifanya figo zirudishe maji mwilini. Ndiyo maana mkojo wako wa jioni hufanana na chai ya rangi. Kiu nayo hufuata papo hapo.

Kipimo cha pili hufuatilia wingi wa damu na msukumo wake, nacho ni kizito kuamka, kwani ni damu ikipungua kwa takriban asilimia 10 ndipo vasopresini humwagika kwa wingi kwa sababu hiyo. Figo nazo hutoa renini, ambayo huanzisha utengenezaji wa angiotensini. Hii hubana mishipa, huamsha kiu ubongoni, na huzichochea tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni ili chumvi isipotee.

Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo mtoka jasho hupungukiwa zaidi na maji. Kwa siku ya kawaida nachagua maji matupu, maana sukuma na samaki wa mchana tayari vina chumvi.

Muuguzi, Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu jasho, lakini kuhara ni jambo jingine kabisa. Maji na chumvi hutoka pamoja, damu hupungua bila kukolea sana, na kiu inaweza kuwa ndogo kuliko hatari iliyopo. Nimefinya ngozi ya tumbo la mtoto, mkunjo ukabaki umesimama, naye hakuwa akililia maji. Hapo tumia dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini (ORS), na ikikosekana, lita 1 ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa. Sukari msiiache, kwa kuwa ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo.

Mama wa Bungoma
Mimi natumia losartani, dawa ya presha ambayo huizuia angiotensini isishike mishipa. Kuongeza chumvi ni kupingana na dawa yangu, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, chakula kikiwemo. Mwanangu, wenye dawa za aina hii wakiharisha waende kliniki mapema, kwa sababu ile kinga aliyoieleza Mwalimu imefungwa.

Mwashi wa Kondele
Asante, Mama. Mtungi wangu utabaki wa maji matupu. Na bia ya Jumamosi, je, inakata kiu?

Mwalimu wa Bayolojia, Nakuru
Hapana, ndugu yangu. Pombe huizuia vasopresini, na figo huachilia maji ambayo mwili ulikuwa umeyashikilia tangu mchana. Kunywa maji kwanza.