Kapsuli kumi za Tamiflu, wagonjwa wanne: nigawe?

MamaNeema_Mafinga
Habari za jioni wapendwa. Baridi ya Julai huku Mafinga mnaijua, na safari hii mafua makali yameingia nyumbani. Watoto wawili walianza Jumamosi. Homa imeshuka, wamebaki na kikohozi. Mimi mwili unauma tangu jana. Baba mkwe, miaka 71 na ana kisukari, ameshikwa leo asubuhi: homa, kutetemeka, hata uji wa ulezi hataki. Shemeji alipokuja kutoka Uingereza aliacha boksi la Tamiflu, dawa ya mafua, kapsuli kumi za 75 mg, halijafunguliwa wala muda wake haujaisha. Duka la dawa la mtaani wanasema niwape wote amoksilini. Mimi nilikuwa nafikiria kuzigawa hizo kapsuli, kila mtu apate mbilimbili. Naombeni ushauri.

Mnyalu_wa_Kihesa
Pole mama. Mpe mzee chai ya tangawizi na umfunike vizuri. Hizo kapsuli achana nazo, nilisoma kwamba virusi vya mafua vimeshazizoea.

Mfamasia_Uyole
Mama Neema, pole sana na kuuguza. Tafadhali usigawe. Kapsuli kumi ni dozi kamili ya mtu mzima mmoja: asubuhi moja, jioni moja, siku tano. Ukizigawa, wanne wote mtakuwa mmezionja tu.

Na mwenye haraka hapo ni mzee. Virusi vikishazaliana ndani ya seli hutumia kimeng'enya chake kama mkasi kujikata na kutoka. Oseltamivir, yaani hiyo Tamiflu, huuzuia huo mkasi. Ndiyo maana inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48, kabla virusi havijaenea. Mzee yumo ndani ya muda huo, tena umri na kisukari vinamweka hatarini. Mpelekeni hospitali usiku huu huu, boksi mkononi. Msimwanzishie wenyewe: figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, na wenye kisukari wengi figo zao zimeguswa.

Watoto wanaopata nafuu wapeni maji na chakula. Homa ikirudi, parasetamoli, kamwe si aspirini. Mmoja akianza kuhema haraka au mbavu kuingia ndani, hospitali. Amoksilini huua bakteria. Haigusi virusi, na inaniumiza kuona inavyogawiwa hovyo kila msimu wa baridi.

Ndugu yangu wa Kihesa, ulichosoma kipo, ila kinahusu zaidi amantadini, dawa ya miaka ya 1960. Hiyo kweli ilishindwa: Januari 2006 Marekani iliwaambia madaktari waache kuitumia kwa mafua, kwa sababu virusi vya H3N2, aina mojawapo ya mafua, vilikuwa sugu karibu vyote. Oseltamivir nayo iliwahi kupigwa. Majira ya baridi ya 2007/2008 aina nyingine ya mafua, H1N1 ya msimu, yenye badiliko la vinasaba liitwalo H275Y ilionekana Norway, nchi ambako dawa yenyewe ilitumika kidogo sana, na baada ya mwaka mmoja hivi ikawa imetapakaa duniani. Kilichotuokoa ni H1N1 mpya ya 2009: iliisukuma ile ya zamani nje, nayo dawa iliiweza. Hadi leo virusi vingi vya mafua bado vinaisikia. Usugu huchipuka zaidi kwa watoto wadogo na wenye kinga dhaifu, maana hukaa na virusi muda mrefu, dawa ikiwa mwilini.

Mnyalu_wa_Kihesa
Asante mkuu, sikujua ni dawa mbili tofauti. Mama Neema, sikiliza huyu.

MamaNeema_Mafinga
Tumerudi sasa hivi. Daktari amesikiliza mapafu, amepima sukari na figo, akasema boksi ni la mzee peke yake. Kapsuli ya kwanza amemeza saa tatu usiku, ya pili saa tatu asubuhi. Kuhusu mimi, amesema nipumzike, ila nikianza kubanwa kifua nirudi. Je, mzee akitapika baada ya kumeza, arudie?

Mfamasia_Uyole
Apewe baada ya chakula kidogo, kichefuchefu hupungua. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, mpigie daktari kabla ya kumrudishia, usije ukapunguza zile kumi.