Vishikwambi sita, watoto 61: wafanye nini zaidi ya kutazama?

Mwl_Pangani
Habari zenu walimu. Nafundisha Sayansi darasa la tano huku Pangani. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, sisi sita tumekubaliana kuvikusanya kila Alhamisi. Nawafungulia video ya mmeng'enyo wa chakula, wanakaa kumi kumi, kimya kabisa. Juzi nikauliza utumbo mwembamba una kazi gani. Mmoja akajibu, "Ule wa rangi ya waridi, mwalimu?" Nikajua nimewaonyesha sinema tu. Nataka watengeneze kitu wenyewe. Bando natoa mfukoni, umeme wa kubahatisha. Nianzie wapi?

Bi_Chaki
Pole mwalimu. Usipakue kitu kwanza, kamera na kinasa sauti vimo humo humo. Wangu walipiga picha mche wa maharage kila asubuhi. Ukizipitisha picha haraka haraka, mche unanyanyuka. Kishikwambi tulikiegemeza kwenye kiti, miguu ya kiti tukaizungushia chaki, maana kikisogea hata kidogo mche unarukaruka. Siku moja wa zamu akasahau kumwagilia, na picha ikamsema. Maswali niliyoulizwa siku hiyo sikuwa nimeyaandaa!

fundi_bloku
Baadaye jaribu ScratchJr, programu ambayo mtoto anapanga bloku za maagizo ili katuni zake zitembee na kuongea. Ni ya bure, na ukishaipakua haidai bando. Bloku zake ni alama tu, hazina maneno. Imelenga watoto wa miaka 5 hadi 7, kwa hiyo wako wataimaliza upesi. Hapo wapeleke kwenye Scratch yenyewe, ambayo ina Kiswahili.

MzeeWaRatiba
Yote mazuri, ila mtihani wa darasa la saba hauulizi katuni. Silabasi utaimaliza lini?

Mwl_Pangani
Nimerudi na mrejesho. Nilichagua sauti: kila kundi lisimulie safari ya tonge la ugali, sehemu moja ya mwili kwa kundi. Kundi la kwanza likarekodi dakika nne za kicheko. La pili likaweka kishikwambi kwenye tumbo la kiranja kunasa mngurumo, likaambulia feni.

Kazi ilianza kwenye kundi la tumbo. Kundi la mdomo lilishasema wanga unaanza kumeng'enywa na mate, sasa tonge likifika tumboni lisimulie nini? Wakafungua kitabu bila kuambiwa, wakakuta tumbo linashughulika zaidi na protini. Wakabishana weee, mwisho wakaongeza dagaa kwenye hadithi ili tumbo lipate kazi. Mimi nimefundisha mada hii miaka saba, dagaa hawajawahi kunijia akilini.

@MzeeWaRatiba, kweli kipindi kilizidi dakika 15, na mwalimu wa Hisabati bado kaninunia. Alhamisi ijayo tunarekodi upya. Kundi la utumbo mpana limegoma, linasema limeonewa.