Naomba ushauri: nitaijuaje zabibu ya Xinomavro kabla wageni hawajafika?

Kibarua_wa_Vermio (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Naoussa, mji mdogo wa kaskazini mwa Ugiriki kwenye miteremko ya Mlima Vermio, ambako kwa misimu kadhaa nimekuwa nikipogoa mizabibu na kuvuna. Sasa mwajiri wangu ananitaka nisimamie meza ya kuonjesha wageni mvinyo, kwa kuwa ninazungumza Kiingereza na Kiitaliano. Zabibu yenyewe ni Xinomavro, zabibu nyeusi ya asili ya huku, na mvinyo mwekundu unaobeba jina la Naoussa kisheria hutengenezwa kwa zabibu hiyo peke yake. Ninajua kwamba hunukia nyanya iliyokaushwa, zeituni, stroberi na viungo. Hata hivyo, nikiwekewa glasi mbili siwezi kusema ipi ni ipi, na wageni wa kwanza wanafika wiki ijayo. Naombeni njia ya haraka, kwa maana hata usingizi siupati.

Mkulima_Hombolo
Hongera sana, ndugu yangu. Sisi Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na marehemu baba alikuwa akisema kwamba anayelijua shamba hahitaji kufundishwa mvinyo. Nimesoma kwamba Xinomavro huchelewa kuiva, hivyo mvua za vuli huweza kuikuta ingali mtini. Je, huko mnazuiaje kuoza? Mwaka ule mvua ilipotushika wakati wa mavuno, nusu ya vichala vyangu viliharibika, na mnunuzi akakataa hata kushuka garini.

Nahodha_Mstaafu
Mkulima, hilo lina uzi wake. Mleta uzi, nilifanya kazi melini na Wagiriki kwa miaka mingi, na tulipotia nanga Piraeus mpishi wetu hakukubali chupa moja peke yake mezani. Fuata mtindo wake: weka Xinomavro kando ya Agiorgitiko, zabibu ya Nemea kule Peloponnese. Agiorgitiko kwa kawaida ina rangi iliyokolea zaidi na ni laini mdomoni, ilhali Xinomavro ni hafifu wa rangi lakini ina uchachu mkali na tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha mdomo. Ukimpata mgeni Mwitaliano, mwambie kwamba wengi huilinganisha na Nebbiolo, zabibu ya mvinyo wa Barolo wa kwao Italia, naye atakuelewa mara moja.

Binti_Makorora
Samahani, kaka. Umetutajia nyanya na zeituni, kisha unasema huwezi kutofautisha glasi mbili. Ulipoinusa wewe mwenyewe, pua yako ilikuambia nini?

Kibarua_wa_Vermio
Dada, umenibana nami sina budi kusema. Tangu nilipougua korona sisikii harufu. Si ya mvinyo tu. Hata kahawa ikiungua jikoni ninaujua moshi kwa macho. Mwajiri hana habari. Mkataba nimekwisha kuusaini, na nyumba ninayohamia na familia yangu inatolewa pamoja na kazi hiyo, kwa hiyo naomba tusirudi kwenye suala la kukubali au kukataa. Ninachotafuta ni namna ya kuifanya.

Mzee_Kifimbo
Mwanangu, lazima turudi huko huko. Chupa huharibiwa na kizibo chake, na kasoro hiyo hugunduliwa kwa pua: mvinyo hutoa harufu ya ukungu na kadibodi iliyolowa, wakati kwa macho hauna dosari yoyote. Mgeni amesafiri kuja kuijua Xinomavro, nawe utammiminia chupa mbovu huku ukimsifia zeituni. Kazi ya kuonjesha ni amana. Mweleze mwajiri kabla mgeni hajakueleza wewe.

Kibarua_wa_Vermio
Mzee wangu, shikamoo. Nimekusikia, lakini mashamba haya ninayafahamu kuliko wote waliowahi kusimama kwenye meza ile. Sioni kwa nini ujuzi huo usihesabiwe kwa sababu ya pua.

Shahidi_Asiyelala
Mimi naona uzi huu umetungwa. Mtu asiyesikia harufu anatuorodheshea harufu nne katika ujumbe wake wa kwanza, na siri inatoka kwa wakati wake kabisa baada ya swali moja. Mleta uzi, acha maneno ya vitabuni. Tueleze unachokihisi unapoionja, kwa namna ambayo aliyesoma tu hawezi kuieleza.

Kibarua_wa_Vermio
Harufu zile nne zimeandikwa kwenye karatasi ya mezani, nami nimezikariri. Ndiyo sababu zinanitia hofu. Ninachokihisi ni hiki. Kwanza mate hujaa pembeni mwa ulimi kwa uchachu, kisha ufizi wa juu hukauka, na midomo hung'ang'ania meno kwa ukakasi kama wa bibo. Nikila kipande cha nyama ya kondoo yenye mafuta na kunywa tena, ukakasi hupungua. Nikiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, mvinyo mchanga ni mwekundu angavu, nao wa miaka mingi una ukingo wa rangi ya tofali. Glasi mbili zinazonishinda ni za mwaka mmoja kutoka mashamba mawili ya hapa hapa.

Nahodha_Mstaafu
Shahidi, mimi nimetosheka. Kijana, hayo uliyoyaandika ndiyo mwili wa Xinomavro, yaani inavyohisiwa mdomoni, na zabibu hii hutambulika kwa mwili kuliko nyingi. Waanzie wageni hapo. Waonyeshe rangi hafifu, waache washangae kwamba rangi hiyo imebeba tanini nyingi kiasi kile, halafu waulize wao wananusa nini. Angalia pia joto la chupa: nyuzi 16 hadi 18 zinafaa, kwa kuwa mvinyo mwekundu ukipoa mno tanini huzidi kukaza. Na ukiweza, tafuta Xinomavro ya Amyndeo, upande wa pili wa mlima wako, kwenye uwanda wa juu wenye maziwa na baridi. Huko zabibu hiyo hiyo hutengenezewa hata mvinyo wa rangi ya waridi na wenye mapovu, na uchachu wake utausikia bila tanini kuufunika.

Muuguzi_wa_Wete
Hakuna aliyeiuliza pua yenyewe. Yapo mazoezi yanayotumika hospitalini: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kila kimoja kikinuswa kwa utulivu asubuhi na jioni, kwa majuma 12 au zaidi. Hayamsaidii kila mtu, wala hayatafua dafu kwa wageni wa wiki ijayo, lakini usikate tamaa kabla ya kuyajaribu, na umwone daktari wa masikio, pua na koo.

Shahidi_Asiyelala
Nimeridhika, nami naomba radhi. Swali la chupa mbovu, hata hivyo, bado halijajibiwa.

Kibarua_wa_Vermio
Nimelijibu leo jioni. Mwenzangu wa ghalani, ambaye ndiye anayefungua chupa, amekubali kuinusa kila moja kabla haijafika mezani kwangu. Ametoa sharti moja, kwamba mwajiri aelezwe sababu, kwa hiyo kesho asubuhi tutaingia ofisini pamoja. Karatasi ya harufu nne nitaiacha mezani wageni waisome wenyewe.