Tupeane uzoefu: gitaa jipya la umeme, ukifungua boksi unaangalia nini?

Solo wa Malindi

Wanamuziki wa pwani, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Leo tuzungumze magitaa mapya ya umeme. Siyo yale ya kwenye video. Nataka yale tuliyonunua kwa jasho letu, yakaletwa na basi mpaka hapa Malindi au yakavushwa maji mpaka Amu, yaani Lamu. Ulipolishika mara ya kwanza uliona nini? Limeundwa vipi? Maana rangi nzuri hata kabati la jirani linayo.

Naanza mimi. Langu ni umbo la Stratocaster, lile kampuni ya Fender walilolitoa mwaka 1954 na viwanda vingi duniani vikaliiga. Pikapu tatu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, shingo ya mbao nyeupe ngumu. Kabla ya kulipiga nililiinua usawa wa jicho, nikaitazama shingo kutoka kwenye mwili kuelekea kichwani, kama seremala anavyokagua ubao. Shingo iliyopinda kidogo mbele au nyuma hainitishi, ndani yake mna chuma kinachokazwa au kulegezwa kwa ufunguo wa Allen. Unazungusha robo tu, unaliacha litulie, unatazama tena. Iliyojisokota, upande huu juu na ule chini, hiyo sina haja nayo hata kama gitaa linang'aa vipi.

Hiyo ndiyo hesabu yangu. Kuna kasoro ya kurekebishwa na kuna kasoro ya kuzaliwa nayo. Nyuzi kukaa juu mno ni ya kurekebishwa. Mengi ya bei ya kawaida hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu kwa sababu zikiwa juu hazikwaruzi freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na kuyasawazisha moja moja ni muda, na muda ni pesa. Mimi nilizishusha mpaka kwenye freti ya 12 ikabaki nafasi ya milimita 1.6 hivi, mkono ukapumua.

Halafu freti. Pitisha kidole ubavuni mwa shingo, juu mpaka chini. Mbao ikikauka hunywea, chuma hakinywei, kwa hiyo ncha za freti huchomoza. Zangu kadhaa zilikuwa zinachoma. Nililipeleka kwa sonara mmoja mjini, akachukua tupa yake ndogo ya kusawazishia pete, akazilainisha zote bila kugusa mbao. Fundi wa gitaa sina, sonara ninaye!

Jambo jingine, uzi mwembamba ulikuwa unakaribia kudondoka ukingoni mwa shingo ilhali ule mnene umekaa mbali na ukingo wake. Watu wakiona hivyo hudhani gitaa limeharibika. Shingo za aina hii zimefungwa kwa bolti nne nyuma. Nililegeza nyuzi, nikalegeza bolti kidogo, nikaisogeza shingo kidogo mpaka nyuzi zikakaa katikati, nikakaza. Basi. Ila tazama pale shingo inapoingia mwilini. Pengo likiwa pana, hapo waliokata mbao hawakuwa makini, na bolti haziwezi kukusaidia sana.

Haya, mwingine.

Nahodha wa Besi, Amu

Kaka, nyinyi wa Malindi mna raha, boksi linashuka kwenye basi mnakwenda nalo nyumbani. Mimi langu lilifika Mokowe, gati la upande wa bara, likaingia mashua, na siku hiyo kusi ilikuwa kali. Nililizungushia nailoni tangu stendi, watu wakanicheka, na katikati ya mlango wa bahari wimbi likatumwagia mai sote. Waliocheka wakanyamaza. Amplifaya nayo kutoka gatini ikapandishwa punda, mwenye punda akauliza kama ni friji ndogo.

Mimi napiga besi lakini na gitaa la solo ninalo. Nyote mnaanza na shingo. Mimi naanza na skrubu. Mui huu chumvi iko hewani, haihitaji gitaa liguse bahari. Tazama vile viskrubu vidogo vya Allen kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, vinavyopandisha na kushusha kila uzi. Vikipakwa nikeli nyembamba, kutu itavikamata, na siku ukitaka kushusha uzi ufunguo unazunguka bure kwa sababu kichwa kimeshalika. Kwa hivyo gitaa likiwa jipya kabisa navitoa kimoja kimoja, natia tone la mafuta ya cherehani, narudisha. Kazi ya jioni moja ukiwa na kahawa. Mafuta hayo usipake nyuzi!

Nyuzi zenyewe, tatu nene zimezungushiwa waya wa juu, tatu nyembamba ni chuma kitupu. Hizo nyembamba ndizo huanza kuota madoa. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na ukipata zile zilizopakwa utando nunua, ni ghali kidogo lakini huku hudumu.

Na wale wanaodharau magitaa ya bei ya chini kwa sababu yana rangi nene ya plastiki, njooni mkae Amu kusi na kaskazi. Rangi ile nene inazuia unyevu kuliko vanishi nyembamba ya magitaa ya kifahari. Sifa ya sauti sijui, mimi nasema ya kuishi. Tena usilitundike kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuta hizi hushika unyevu. Weka ndani ya begi, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe.

Mzee wa Udi

Wanangu, nawasoma tu. Mimi ni wa udi, nimekulia kwenye taarab ya Lamu, mji uliomzaa marehemu Zein l'Abdin, kwa hivyo gitaa la umeme nililiona kama mgeni. Mpwa wangu amenunua jipya, akaniletea nilijaribu.

Umbo zuri. Uzito mzuri, halimwangushi mtu bega. Lakini udi hauna freti, na gitaa lina freti. Ukitaka kupiga rasti, ile makamu ya Kiarabu, noti ya tatu inakaa katikati, si juu si chini, na hapo freti haipo. Basi inabidi uuvute uzi kwa kidole mpaka uifikie. Nikavuta. Nikauachia. Haukurudi mahali pake! Nikatyuni upya, nikavuta tena, ukabaki chini ya ulivyokuwa, na kulikuwa na mlio mdogo wa "ting" kule kichwani.

Mpwa akasema funguo za kukazia nyuzi ni mbovu. Nikamwambia funguo usizisingizie. Uzi unakwama kwenye mifereji ya kile kiplastiki cheupe kabla ya kufika kwenye funguo. Mfereji ni mwembamba kuliko uzi, au haukulainishwa. Tukachonga risasi ya penseli, tukaipaka ndani ya mifereji, mlio ukapungua sana. Kwa hiyo mimi gitaa jipya nalipima hivi: tyuni, vuta kila uzi, rudia kusikiliza. Rangi mtatazama kesho.

Solo wa Malindi

Shikamoo mzee. Hilo la penseli nalichukua. Na mwenye kipande cha mfupa badala ya plastiki pale, aliyechongewa na fundi anayejua, hulala usingizi.

Dada wa Kwaya

Mimi napiga gitaa kanisani, hapa hapa Malindi. La kwangu lilipofika lilinguruma. Nikiliunganisha tu, mmmmm mpaka mchungaji anageuka. Kila mtu akaniambia nimeuziwa takataka, lirudishe.

Sikulirudisha kwa sababu nilitambua kitu: nikigusa nyuzi mngurumo unapungua. Hiyo inamaanisha waya wa ndani unaofunga daraja na jeki, lile tundu la kuchomekea waya, uko mahali pake. Pikapu za koili moja hunasa mtetemo wa stima, wa kwetu ni hezi 50, ndivyo zilivyo. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson akabuni ile ya koili mbili mwaka 1955, koili moja inafuta kelele ya mwenzake. Kwenye langu, nikiweka swichi ya kuchagua pikapu nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, na kwa kuwa ya kati imezungushwa kinyume kelele inakufa.

Lakini mimi pia naimba. Siku moja mdomo ukagusa maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, nikapigwa shoti nikaruka. Sasa hapo si gitaa tena. Tulimwita fundi wa stima, akafungua soketi ya jukwaani, ule waya wa kijani na njano umekunjwa tu nyuma, haujafungwa popote. Alipoufunga, shoti ikaisha na nusu ya mngurumo ikaondoka nayo. Jamani, kabla ya kulitukana gitaa, mulikeni soketi. Hii si ya sauti tu, inaua.

Nahodha wa Besi, Amu

Dada pole sana. Hilo ni kubwa kuliko yetu yote.

Kijana wa Barani

Mimi mjomba alituletea seti kutoka Marekani, gitaa na amplifaya ndogo. Gitaa safi kabisa, funguo zinazunguka laini, nobu hazikwaruzi. Amplifaya nikaitafutia plagi ya kuunganishia nikaichomeka, ikatoa moshi kabla sijapiga noti. Imeandikwa nyuma volti 120, sisi tuna 240. Gitaa lenyewe halijali, halina stima ndani. Fundi wa redio anasema transfoma imeungua.

Swali langu: kuna jamaa anauza jipya la pili, bado liko boksini, nataka kumnunulia mdogo wangu. Nalipimaje na sina pa kulichomeka?

Dada wa Kwaya

Mdogo wangu, mwambie muuzaji alilete kanisani Jumamosi baada ya mazoezi, alasiri. Nitakuwekea kwenye amplifaya yetu, tutazungusha nobu zote, tutatikisa jeki tuone kama sauti inakatika, na swichi tutaipitisha nafasi zote. Solo, njoo na ufunguo wako wa Allen. Ile amplifaya ya mjomba iache nyumbani.