Ndege za kasi kuliko sauti: Concorde, Overture, X-59, au tubaki na hizi tulizonazo? (Ulinganisho)

Mzee wa Kipawa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Tangu Trump asaini ile amri ya Juni 2025, inayoitaka mamlaka ya anga ya Marekani iondoe marufuku ya ndege za kiraia kuvuka kasi ya sauti juu ya nchi kavu, vijiweni hakuna habari nyingine. Marufuku yenyewe ni ya mwaka 1973. Nimeona tuzipime kwa hoja, maana picha za kompyuta zinapendeza zote.

Ya kwanza ni Concorde. Ilianza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976. Siku hiyo hiyo Waingereza waliipeleka Bahrain, na Wafaransa wakaipeleka Rio de Janeiro kupitia Dakar. Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa, London hadi New York saa tatu na nusu. Zilijengwa 20, zilizobeba abiria ni 14. Julai 2000 moja ilianguka Paris ikaua watu 113, na mwaka 2003 zikastaafishwa zote.

Ya pili ni Overture ya kampuni ya Boom, Marekani. Hii bado haijajengwa. Kilichoruka ni kidege chao cha majaribio, XB-1, kilichovuka kasi ya sauti tarehe 28 Januari 2025 kule Mojave. Overture inaahidiwa Mach 1.7 na viti 60 hadi 80. United na American wameshaweka oda.

Ya tatu, X-59 ya NASA na Lockheed Martin, ina kiti kimoja tu, cha rubani. Haitabeba abiria hata siku moja. Iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025. Kazi yake ni kuonyesha kwamba ule mshindo wa kuvuka kasi ya sauti unaweza kupunguzwa hadi usikike kama mlango wa gari unaofungwa kwa jirani.

Ya nne ni A350 ya Airbus na 787 ya Boeing, ndege za abiria za kawaida tunazozijua.

Msimamo wangu nautoa mapema: X-59 ndiyo yenye akili kuliko zote, na A350 ndiyo ninayoiamini. Karibuni.

Fundi wa Hanga

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka kitu kikubwa: mafuta.

Concorde ilikuwa na matangi ya tani 95 hivi, na kwa abiria mia moja kuvuka Atlantiki ilitumia sehemu kubwa ya hayo. Ukigawanya unapata karibu tani nzima kwa kila kichwa. A350 kwa safari hiyo hiyo ikiwa imejaa, kila abiria unamhesabia kilo mia na kitu. Hapo hatujagusa moshi wala ozoni, ni hesabu ya pampu tu.

Sababu yake iko kwenye maumbile ya hewa. Ukizidi kasi ya sauti, hewa iliyo mbele haipati muda wa kukupisha, inajikusanya na kuwa wimbi zito ambalo injini inalisukuma safari nzima. Wenzetu hupima kwa uwiano wa nguvu ya kunyanyua na nguvu ya kukinza, na ukiwa mkubwa ndiyo nafuu. Boeing 747 ilikuwa na 17 hivi. Concorde ikiwa Mach 2 ilikuwa na 7. Hiyo tofauti huifuti kwa programu mpya ya kompyuta. Overture imeshuka hadi Mach 1.7 na haina ule mfumo wa kumwaga mafuta nyuma ya injini ili kuongeza msukumo, kwa hiyo itakuwa afadhali. Afadhali, basi.

Watafiti wa ICCT, baraza la kimataifa la usafiri safi, mwaka 2018 walikadiria kwamba ndege mpya za aina hii zitakula mafuta mara 5 hadi 7 kwa kila abiria, ukilinganisha na ndege za kawaida kwenye njia ile ile.

Nje ya mada kidogo, kwa wanaopenda chuma: Concorde ilikuwa inapata joto mpaka pua inafika nyuzi 127 za Selsiasi, na mwili mzima unarefuka kati ya sentimita 15 na 25 ikiwa angani. Pale chumba cha marubani, pembeni ya meza ya injinia wa ndege, ulikuwa unafunguka mwanya ambao ndege ikiwa ardhini haupo. Kwenye safari za mwisho kuna mainjinia waliochomeka kofia zao mle. Ndege ilipopoa mwanya ukajifunga, na kofia zimebanwa humo hadi leo makumbusho.

KijanaWaRuwi

Assalam aleikum. Mie nipo Muscat, nawasoma tu kila siku, leo imebidi nijibu.

Mnazungumza London na New York kama vile dunia ina miji miwili. Angalieni ramani. Dar hadi Muscat ni karibu kilomita 4,000, na ukijitenga kidogo na pwani ya Somalia njia nzima ni bahari. Hakuna mji wa kuusumbua kwa mshindo. Leo tunakaa angani saa tano na kitu. Kwa Mach 1.7, ukiweka na kupanda na kushuka, saa tatu hivi. Familia ngapi zina mguu mmoja Unguja na mmoja huku? Mtu anakwenda kuzika na kurudi.

Na Ghuba si wageni wa mambo haya. Mzee kasema mwenyewe, safari ya kwanza ya Waingereza ilikwenda Bahrain.

Toto la Tegeta

Na nauli? 😂

Mzee wa Kipawa

@Toto la Tegeta, Concorde siku zake za mwisho ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwenda na kurudi. Boom wanasema Overture itatoza kama daraja la biashara la leo. Ahadi hiyo niliipokea kwa heshima zote.

@KijanaWaRuwi, hoja ya bahari ni nzuri kuliko zote nilizosoma humu. Shida ni nani atapanda. Njia ya Dar na Muscat inaendeshwa na watu wa daraja la kawaida wenye masanduku mawili mawili na boksi la maembe. Concorde ilikuwa na viti viwili huku viwili kule na vidirisha vidogo. Ukiwatoza watu 64 bei ya daraja la biashara kila siku, kwenye njia hiyo, ndege itajaa Idi tu.

Bi Mawingu

Naona wote mnazungumzia mafuta na kelele. Mimi nimesomea hali ya hewa, na kinachoninyima usingizi ni *wapi* moshi unamwagwa.

Ndege za kawaida huruka kilomita 10 hadi 12 juu. Concorde ilipanda hadi 18, na Overture nayo inakusudiwa kufika huko. Hapo ni eneo la tabaka la stratosfia, kunakokaa ozoni, gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Huko juu hakuna mvua ya kusafisha hewa. Mvuke wa maji unaotoka kwenye injini chini huku si kitu, utarudi kama mvua baada ya siku chache. Kule unaweza kukaa miezi na kuzidi, na mvuke wa maji ni gesi inayoshika joto. Oksidi za naitrojeni nazo zinaila ozoni kwa mzunguko: chembe moja inavunja ozoni, inarudi ilivyokuwa, inavunja nyingine.

Haya si mambo ya jana. Paul Crutzen aliueleza mzunguko huo mwaka 1970, na mwaka uliofuata Harold Johnston wa California akaonya juu ya mpango wa Marekani, ambako watu walikuwa wakiota mamia ya ndege za aina hii. Mwaka huo huo wa 1971 Bunge la Marekani likaukatia fedha mradi huo, wa ndege ya Boeing 2707. Crutzen alikuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 1995 pamoja na Molina na Rowland.

Concorde haikuleta madhara makubwa kwa ozoni kwa sababu zilikuwa 14. Hiyo ndiyo siri yake yote. Mkisikia mtu anasema "mbona Concorde iliruka miaka 27 na ozoni ipo", muulize anataka kujenga ngapi.

Kuhusu mafuta endelevu ya ndege (SAF), maana najua mtu anakuja nayo: ndiyo, Boom wanasema Overture itaweza kutumia SAF kwa asilimia 100. SAF inapunguza kaboni ukihesabu tangu shambani hadi injini. Ila ikiungua inatoa mvuke wa maji, na joto la injini linatengeneza oksidi za naitrojeni vilevile. Halafu mwaka 2024 SAF yote duniani ilikuwa tani milioni moja hivi, asilimia 0.3 ya mafuta ya ndege. Hicho kidogo kilichopo, kwa nini apewe anayekula mara tano?

Wakili wa Shetani

Bi Mawingu nakuheshimu, ila ngoja nibishe.

Usafiri wa anga wote unatoa karibu asilimia 2.5 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Hizi ndege zitakuwa tone ndani ya hiyo. Watu wenye ndege binafsi wanaruka leo wakiwa wawili ndani ya ndege ya viti kumi na nne, mbona hatuwafungulii mada? Na kila teknolojia huanza kwa matajiri. Simu za mkononi zilianza hivyo. Mkizuia la kwanza, la bei nafuu halitakuja kamwe.

Fundi wa Hanga

Simu ilishuka bei kwa sababu vipuri vyake vilipungua ukubwa. Hewa haipungui ukubwa, mkuu. Wimbi lile nililolisema litabaki pale pale hata mwaka 2080. Concorde yenyewe gharama za kuibuni zilibebwa na walipa kodi wa Uingereza na Ufaransa, na bado nauli haikushuka.

Halafu fuatilia fedha zinaelekea wapi. Rolls-Royce walijitoa kwenye mradi wa injini ya Overture mwaka 2022, Boom wakaamua kuunda yao, Symphony. Desemba 2025 wakatangaza wanauza turbini za umeme za gesi kwa vituo vya data, zinazotokana na injini hiyo hiyo. Aerion, waliokuwa na ndege yao ya Mach 1.4, walifunga duka Mei 2021. Sisemi haitaruka. Nasema usiuze shamba.

Nyar Kisumu

Wadau, hebu tupige hesabu ya Nairobi.

KQ (Kenya Airways) walianza New York moja kwa moja Oktoba 2018, saa kumi na tano hivi kwenda. Ni karibu kilomita 11,800. Overture inaahidiwa kufika kilomita 7,870 kwa tangi moja. Kwa hiyo lazima itue. Wapi? Dakar, tena, kama Wafaransa wa 1976! Kutoka JKIA hadi Dakar ni kilomita 6,200 za nchi kavu, Uganda, Kongo na kuendelea, na amri ya Trump haitawali anga la Kinshasa. Kila nchi ina sheria zake. Kwa hiyo nusu ya kwanza unatambaa chini ya kasi ya sauti kama ndege nyingine zote. Unatua, unajaza mafuta, ndipo unachanja Atlantiki. Kwa hesabu yangu ya haraka unaokoa saa mbili au tatu, ukiwa umelipa daraja la biashara. Hizo saa naweza kuziokoa kwa kupunguza foleni ya uhamiaji.

Ila Afrika tumewahi kuipata Concorde katika ubora wake. Tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi waliipandisha ile ya majaribio, 001, kutoka Las Palmas, wakafukuzana na kupatwa kwa jua juu ya Sahara hadi Fort-Lamy, N'Djamena ya leo. Walikaa ndani ya kivuli cha mwezi dakika 74. Kivuli hicho hicho kilipita kwetu Turkana, na aliyesimama chini alikiona dakika chache tu. Kwa kazi ya namna hiyo ningeidhinisha mafuta bila swali.

Toto la Tegeta

Kwa hiyo ule mshindo ukoje hasa? Ni mara moja ndege inapovuka?

Bi Mawingu

Hapana, wengi wanadhani hivyo. Ndege inauburuta safari nzima kama zulia, na kila aliye chini ya zulia anausikia likimpitia. Upana wake ni kama maili moja kwa kila futi elfu za kimo, kwa hiyo ndege iliyo futi 50,000 inagusa ukanda wa kilomita 80 hivi.

Wamarekani walijaribu kwa watu halisi, Oklahoma City, mwaka 1964. Miezi sita, mishindo 1,253, kwa ratiba, mchana. Madirisha yakavunjika, na mwisho zaidi ya robo ya waliohojiwa walisema hawawezi kuishi na hali ile. X-59 nayo itapelekwa juu ya miji ya Marekani ili watu waulizwe, lakini safari hii kwa sauti ya desibeli 75 za kipimo chao. Concorde ilikuwa 105.

Boom wana njia nyingine: wakiwa nchi kavu wanakwenda Mach 1.1 hadi 1.3, hewa ya chini yenye joto inaupindisha mshindo urudi juu kabla haujafika ardhini. Inafanya kazi, XB-1 imeonyesha. Lakini inategemea upepo na joto la siku hiyo, na hiyo kasi si ile unayouziwa kwenye tangazo.

Mzee wa Kipawa

Hapo ndipo ninapoikubali X-59 na ndipo inaponitia wasiwasi. Kelele ndiyo iliyofanya watu waandamane na kushtaki. New York waliizuia Concorde hadi kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaruhusiwa kuanza Novemba 1977. Ukiondoa mshindo, umeondoa kitu pekee ambacho raia wa kawaida anakisikia kwa masikio yake. Mafuta ya tani nzima kwa kichwa hayasikiki. Oksidi za naitrojeni za kilomita 18 juu hazivunji dirisha la mtu. NASA watatatua tatizo dogo kwa ustadi mkubwa, na makampuni yatapita kwenye mlango huo na matatizo makubwa mawili mkononi.

Kwa hiyo kama kuna sheria inaondolewa, iwekwe nyingine papo hapo: kikomo cha mafuta kwa kiti, na kikomo cha oksidi za naitrojeni kwa kimo. Atakayeweza kuruka ndani ya hapo, aruke hata Mach 3.

KijanaWaRuwi

Nimewaelewa nyote, na Bi Mawingu hasa. Lakini mie bado naitaka. Nikijaliwa nitakata tiketi ya kwenda tu, kurudi nitapanda ya kawaida na boksi langu la maembe.